Saa Moja Bila Pazia

Yeremia Margwe alimaliza mbio ndefu za Jumanne mbele ya wenzake wote, na kocha wake hakufurahi.

Paskalina Tluway alikuwa amesimama kwenye lango la kambi ya Gidamo tangu jua lilipoanza kugusa mashamba ya ngano. Alimwona akija kutoka mbali kwenye barabara ya udongo mwekundu, hatua zimelingana, mabega yametulia, nyuma yake hakuna mtu. Alipofika hakuinama kushika magoti. Hakuhema. Jasho lake lilikuwa jepesi kwenye paji la uso, kama la mtu aliyetoka kuteka maji kisimani.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, baba. Lete mkono."

"Si kimeshaandika hapo?" Alikionyesha kwa kidevu kishikwambi kilichokuwa kwapani mwa kocha.

Kweli kilikuwa kimeandika. Jina la Yeremia liliwaka kijani, na chini yake neno moja: TAYARI. Kiliandika hivyo kila asubuhi, huu mwaka wa tatu. Lakini Paskalina alikuwa na desturi yake ya zamani ya kumshika mwanariadha kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo kwa vidole viwili. Wakimbiaji walimzoea. Walicheka, wakampa mkono. Siku hiyo Yeremia hakucheka. Aliutoa mkono huku akitazama pembeni, kama mtu anayecheleweshwa na karani.

Mapigo yalikataa kushuka. Mkimbiaji wa kiwango chake alipaswa kuwa ametulia kabla wenzake hawajaonekana kwenye kona ya mwisho. Wenzake walionekana, wakafika, wakaanza kunyoosha miguu ukutani, na mapigo ya Yeremia bado yalikuwa barabarani.

"Nenda kanywe uji," Paskalina alisema.

Alimfuata kwa macho hadi jikoni. Uji wa ulezi aliunywa nusu, bakuli akaliacha. Kisha akakaa kwenye benchi kufua raba zake, kimya. Hapo ndipo Paskalina alipong'amua kilichokuwa kinamsumbua kwa majuma kadhaa. Yeremia alikuwa na tabia ya kupiga miluzi ya nyimbo za kanisani kila anapofua raba, tena vibaya, mpaka wenzake walimrushia sabuni anyamaze. Hakuna aliyekumbuka ni lini miluzi hiyo ilikoma. Kishikwambi hakikuwa na mahali pa kuiandika.

Zamani, enzi za Paskalina mwenyewe, dalili kama hizo zilitosha. Mapigo hayashuki, chakula hakiliki, mtu amekuwa mkali bila sababu: kocha angesema, kesho usije. Lakini wakimbiaji wa sasa walikuwa na wafumaji.

Wafumaji walikuwa mashine ndogo, ndogo kiasi kwamba tone moja la damu lilibeba maelfu yake. Mtu alidungwa mara moja mkononi, na basi. Msuli wa kila mtu huchanika chanika anapofanya mazoezi au kazi nzito, na kwa kawaida huhitaji siku moja au mbili kujiunga upya, ukirudi na nguvu zaidi. Wafumaji waliuunga usiku uleule. Na kwa kuwa kuungwa huko kulikuwa na maumivu yake, walitundika kitu ambacho watu walikiita pazia: walizuia habari za maumivu na uchovu zisifike kichwani.

Kwa hiyo siku ya mapumziko ilifutwa kwanza kwenye ratiba za kambi za riadha. Baadaye ikafutwa bandarini, viwandani, hospitalini. Misa ya Jumapili huko Gidamo ilihamishiwa alfajiri ili watu wawahi kazini. Emiliana, mke wa Yeremia, alikuwa muuguzi kwenye kituo cha afya cha bondeni. Naye alikuwa na wafumaji, na mkataba wake mpya haukuwa na neno likizo.

*

Mtaalamu wa wafumaji alikuja Alhamisi kwa ndege ndogo ya umeme, kama alivyokuja kila baada ya miezi michache. Aliitwa Dakta Zuhura Mselem, Mpemba, mwanamke mwembamba wa maneno machache aliyeajiriwa na Taasisi iliyotengeneza wafumaji. Paskalina alimpokea kwa chai, kisha akamwomba kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba.

"Nataka umpige Yeremia ultrasaundi ya moyo."

"Ana nini?"

"Hapigi miluzi."

Zuhura alimtazama kidogo. Hakucheka. Alifungua mkoba wake akatoa kipimo.

Yeremia alilala kitandani kwenye chumba cha huduma ya kwanza, kifua wazi, akilalamika kwamba jeli ilikuwa ya baridi na kwamba alikuwa na mazoezi ya kilima. Zuhura alitembeza kipimo polepole. Alirudi mahali palepale mara mbili. Kisha akamwambia anaweza kwenda, naye akavaa fulana na kuondoka bila kuuliza kilichoonekana.

Zuhura aliweka picha mbili kwenye kioo, ya mwaka uliopita na ya siku ile.

"Huu hapa ni ukuta wa moyo," alisema. "Na huu hapa ni ukuta uleule. Tazama mwenyewe, Bi Paskalina."

Paskalina hakuwa daktari, lakini alikuwa na macho. "Umekuwa mwembamba."

"Umekuwa mwembamba."

"Kwa nini?"

Zuhura alisukuma kikombe chake pembeni. "Wafumaji hawaumbi uzi. Uzi wanaupata kwenye chakula, na mwili unauandaa wakati umepumzika. Mtu akila vizuri na akapumzika, uzi unatosha. Asipopumzika hata siku moja, unapungua. Sasa wao wameambiwa wafume, hawakuambiwa wangoje. Tuliwaambia miguu kwanza. Hatukuwaambia ni wapi wasiguse. Wanakwenda kuufumua msuli mwingine ili wapate uzi wa kufumia miguu."

"Na moyo ni msuli."

"Moyo ni msuli."

Nje wakimbiaji walikuwa wanaitana kuelekea kilimani. Sauti ya Yeremia ilikuwemo, ikiwakemea waliochelewa.

"Ulikuwa unajua?" Paskalina aliuliza.

"Nilikuwa na wasiwasi. Kulikuwa na mwendesha baiskeli mmoja, akaanguka, akapona. Kulikuwa na mpagazi wa bandarini, huyo hakupona. Walisema ni joto. Nilipeleka taarifa Taasisi, wakanijibu kwamba utafiti unaendelea." Alifunga picha. "Kwa hiyo nilikuwa najua kiasi cha mtu anayeambiwa angoje."

"Tufanye nini?"

"Wafumaji wakilazwa sasa, waache kufuma, moyo una nafasi nzuri ya kurudi. Siwezi kukuapia. Lakini ujue, uchovu wote uliozuiwa na pazia utamjia kwa pamoja. Hatakimbia mwezi ujao."

Mwezi ujao ilikuwa Marathoni ya Maziwa Makuu, Bujumbura. Yeremia alikuwa wa pili mwaka jana, kwa upana wa kifua. Tangu siku ile alikuwa na lengo hilo tu.

"Na amri ya kuwalaza unayo wewe," Zuhura aliendelea. "Sauti yako, jina lake, na lile neno la siri. Yeye hana."

"Hilo nalijua. Sikuwahi kuuliza kwa nini."

"Walioandika mkataba walisema mwanariadha akipewa amri yake mwenyewe, atawalaza siku ya mvua."

*

Paskalina alimkuta Yeremia mchana, nyuma ya stoo, akianika raba juani. Alikaa kando yake na kumweleza yote bila kuzunguka: picha mbili, ukuta, uzi, mpagazi wa bandarini. Yeremia alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, aliyejilipia mahari na kuwasomesha wadogo zake, na Paskalina hakuona sababu ya kumlainishia.

"Mimi sijisikii vibaya," alisema.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi?"

Yeremia alifikiri. "Vizuri tu. Kama jana."

"Na jana?"

"Kama juzi." Alikasirika kidogo. "Kocha, unataka niseme nini?"

"Mara ya mwisho kuchoka ilikuwa lini?"

Hilo lilimchukua muda. Alitazama mikono yake. "Nilipokuwa nasomba mahindi ya baba. Kabla sijaja hapa."

"Sasa utajuaje kama uko vizuri?"

"Nitajua kwa sababu nawaacha wote nyuma." Aligeuza raba ili nyayo zipate jua. "Neno la siri unalo wewe. Ungetaka ungeshalisema. Kwa nini unaniuliza?"

"Kwa sababu moyo ni wako."

"Basi jibu langu ni hapana. Nipeleke Bujumbura. Nikirudi, uwalaze mwaka mzima ukipenda."

Paskalina hakumbishia. Alirudi ofisini kwake na kukaa. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, jina la kijito kilichopita nyuma ya nyumba ya mama yake. Angeweza kulisema pale pale, mlango ukiwa umefungwa, kabla chai haijapoa.

Kilichomzuia si mkataba. Alipokuwa na umri kama wa Yeremia alikuwa na goti bovu, na kocha wake alifuta jina lake kwenye timu ya Afrika bila kumwambia. Alilijua jambo hilo uwanja wa ndege, mkoba ukiwa begani. Pengine kocha yule alikuwa sahihi. Goti lilipona, na Paskalina alikimbia miaka mingine mingi. Lakini hakumsalimia tena yule mzee mpaka alipozikwa, na hata siku ya mazishi alisimama nyuma kabisa. Aliijua vizuri hali ya kuokolewa na mtu ambaye hakukuuliza.

Alasiri hiyo Emiliana alipita kambini, akiwa njiani kwenda zamu. Alikuwa amevaa sare nyeupe na sweta ya bluu juu yake. Hakukubali kuketi.

"Ameniambia," alisema. "Walaze hao wadudu, Kocha. Fanya akiwa amelala."

"Amekataa, Emiliana."

"Najua amekataa. Atakasirika. Acha akasirike akiwa hai."

"Ningekuwa mke wake ningesema hivyohivyo."

"Basi fanya kama mke wake." Uso wa Emiliana ulikuwa umetulia kabisa wakati akisema hayo, kama anamsomea mgonjwa dawa zake. Yeye mwenyewe aliliona hilo. Alijigusa shavu. "Nilitaka kulia nilipokuwa nakuja. Machozi hayakuja. Tangu lini sijui." Akatazama saa. "Nimechelewa."

Aliteremka kuelekea bondeni kwa hatua za haraka. Alikuwa ametoka zamu nyingine asubuhi ileile.

*

Wazo lilikuja kwa njia ya kawaida, wakati Paskalina akimsindikiza Zuhura kwenye ndege siku iliyofuata.

"Pazia na ufumaji ni kitu kimoja?" aliuliza.

"Hapana. Ni kazi mbili. Pazia naweza kulifungua peke yake, nikiwa karibu. Tunafanya hivyo maabara, kwa muda mfupi."

"Saa moja?"

Zuhura aliweka mkoba chini. "Saa moja inawezekana. Itakuwa saa mbaya."

"Anakataa kitu asichokijua," Paskalina alisema. "Nataka akijue. Baada ya hapo, akisema hapana, ni hapana yake."

Yeremia alikubali upesi kuliko walivyotarajia. Aliamini kwamba hakutakuwa na kitu cha kusikia, na kwamba wakishaliona hilo watamwacha. Walitoa sharti moja kila upande. Yeye angekaa saa nzima bila kuomba pazia lirudishwe. Wao, saa ikiisha, wangefanya atakachosema, chochote kiwe.

Walikwenda kwenye uwanja wa mpira wa shule, ambao asubuhi ya Jumamosi ulikuwa na ng'ombe tu. Zuhura alisimama pembeni na kifaa chake. Yeremia alisimama katikati ya goli, amevaa traksuti, mikono kiunoni.

"Tayari," alisema.

Zuhura alifungua pazia.

Kwa muda hakikutokea kitu. Yeremia alitabasamu. Kisha alitazama chini kwenye miguu yake, kama mtu aliyekanyaga maji bila kutegemea. Zilianza nyayo. Baada ya nyayo, mifupa ya mbele ya miguu, halafu mapaja, kiuno, mabega, hata taya. Alijinyoosha. Akakunja uso.

"Inauma," alisema. "Lakini inavumilika. Maumivu nayajua."

"Sawa."

"Nakimbia mpaka goli la pili, mwone."

Akaanza kukimbia. Hatua za kwanza zilikuwa zake, zile za barabara nyekundu. Kabla ya mstari wa kati zikawa za mtu mwingine, mzee, anayerudi shambani. Alitembea. Alisimama. Kisha akakaa kwenye nyasi, taratibu, akijishikilia kwa mikono miwili. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa kumtazama, akaendelea kula.

Paskalina alimfuata, akaketi karibu naye. Yeremia alikuwa anavuta hewa kwa mdomo, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi yaliyoshuka bila yeye kuyashughulikia.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Kipi?"

"Hiki. Si maumivu. Hakina mahali. Kiko kila mahali."

"Huo ni uchovu."

"Wote huu ni wangu?"

"Wako wote."

Alijaribu kuinua mkono kufuta uso, akauacha njiani. "Kifua nacho ni kizito. Kama kuna mtu amekikalia." Alimgeukia. "Na wewe ulikuwa unanipangia vilima juu ya hiki."

"Ndiyo. Nilikuwa nakupangia."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa natazama rangi ya kijani, kama wewe."

Yeremia alilala chali kwenye nyasi. Mawingu yalikuwa yanapita chini chini kuelekea mlimani. Paskalina alidhani amelala usingizi, lakini alikuwa anafikiri. Alipofungua macho alimtazama Zuhura.

"Dada, umebaki muda gani?"

"Unakaribia kwisha."

"Nikisema mlirudishe, mtalirudisha?"

Zuhura alimwangalia Paskalina.

Paskalina alilisikia lile jina la kijito likiwa tayari kinywani. Sauti yake, jina la kijana, neno moja. Yeremia asingeweza hata kuinuka kumziba mdomo. Alifikiria mpagazi wa bandarini, na Emiliana akijigusa shavu, na akatamani kwa moyo wote kuwa mtu wa kuvunja ahadi.

"Tutalirudisha," alisema. "Tuliahidiana."

"Na Bujumbura?"

"Nitakupeleka mwenyewe."

"Na nikianguka njiani?"

"Nitakuwepo. Nitakuokota." Sauti yake haikutulia, naye hakujaribu kuituliza. "Kisha nitaishi na hilo, maana sitakuwa na la kufanya."

Yeremia alimtazama kwa makini, kama anatafuta ufa. Hakuuona.

"Basi msilirudishe," alisema.

"Pazia tu, au na ufumaji?"

"Walaze wote. Nataka kwenda nyumbani."

Paskalina alisema jina lake lote, Yeremia Margwe, na baada yake jina la kijito. Kifaa cha Zuhura kilitoa mlio mfupi. Walimwinua wakiwa wawili, mmoja kila bega, na safari ya kutoka uwanjani hadi nyumbani kwake, ambayo kila siku aliikimbia bila kuifikiria, iliwachukua asubuhi yote iliyobaki.

*

Alilala. Aliamka kunywa maji, akalala tena. Emiliana hakuweza kupata ruhusa kazini, kwa hiyo Paskalina ndiye aliyekaa naye, akimpikia mtori na kumshika mkono kwenda chooni. Siku za mwanzo Yeremia alimtukana. Alisema wamemvunja, kwamba alikuwa mzima wakamfanya kilema. Paskalina alifua mashuka na kumwacha aseme.

Bujumbura ilifika. Waliiwasha redio. Wakimbiaji walipofika ziwani Yeremia aliomba izimwe, akageukia ukutani. Hakuuliza aliyeshinda.

Taasisi ilituma watu wawili wenye adabu sana. Walichukua kishikwambi, wakamweleza Paskalina kwamba kuwalaza wafumaji kabla ya mashindano bila kibali ni kuvunja mkataba, na kwamba kambi itapata kocha mwingine. Hakushangaa. Alihamisha vitu vyake kwenda nyumba ya mama yake. Zuhura naye alifukuzwa baada ya kuonyesha picha za mioyo minne kwenye mkutano wa madaktari, ya Yeremia ikiwa mojawapo, kwa ruhusa yake. Taasisi ilisema picha nne si utafiti. Kambi mbili zikaandika kuomba wakimbiaji wao wapimwe. Nyingine zikaendelea kama kawaida.

Ukuta wa moyo ulirudi taratibu, si wote, lakini Zuhura aliyekuja na kipimo chake mwenyewe alisema unatosha kwa mtu kukimbia akiwa na akili zake.

Akili hizo ndizo zilizokuwa kazi. Yeremia alikuwa hodari wa kukimbia na hakujua lolote kuhusu kuacha kukimbia. Mwanzoni kila kichomi kilimtisha. Alikaa ndani kwa sababu ya mguu uliokufa ganzi. Baadaye akapata matumaini, akakimbia mfululizo hadi akapata mafua yaliyomlaza kitandani tena. Paskalina alimfundisha kwenye vijia vya mashambani, wakitembea zaidi ya kukimbia. Ugumu wa misuli unaoondoka ukishapasha mwili moto, huo ni wa kawaida, endelea. Unaozidi kadiri unavyokwenda, geuza urudi. Ukiamka mapigo yako juu, ukichukia chakula unachokipenda, ukimfokea mkeo kwa kijiko kilichoanguka, jiulize. Ukilala na usingizi usikushibishe, usijiulize, pumzika.

"Na kama sioni hata kimoja?" aliuliza siku moja.

"Basi kimbia."

Aliamini hivyo alipokuwa anasema.

Miezi ikapita. Yeremia alirudia hali nzuri, si ya zamani, ila nzuri. Asubuhi moja ya kiangazi, anga safi, barabara kavu, hakuna upepo, Paskalina alikwenda kwake mapema. Walikuwa wamepanga mbio za kwanza ndefu, na alikuwa ameisubiri siku hiyo kuliko alivyotaka kuonyesha. Yeremia alikuwa mlangoni, amevaa, raba zimefungwa.

Alitazama barabara. Kisha akainama, akafungua kamba.

"Leo hapana," alisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Hukulala?"

"Nimelala."

Paskalina alimshika mkono, akasikiliza. Mapigo yalikuwa yametulia kabisa. Macho meupe. Bakuli la uji lilikuwa tupu. Alipitisha kila alichomfundisha na hakuona sababu hata moja.

"Sasa ni nini?"

Yeremia alitafuta maneno, akayakosa, na hakuonekana kusumbuka kwa kuyakosa. "Leo hapana tu, Kocha. Kesho."

Paskalina alitaka kumbishia. Alikuwa na hoja: hali ya hewa, ratiba, maandalizi yote ya miezi. Aliziona hoja zote zikiwa zimejipanga, na akatambua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa inaishi ndani ya mwili wa yule kijana.

"Sawa," alisema.

Yeremia alitandika mkeka nyuma ya nyumba, mahali jua lilipofika, akajilaza na kusinzia papo hapo, mdomo wazi, kama mtoto. Paskalina alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni kumalizia chai.

Emiliana aliwakuta hivyo. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na alikuwa amepita kubadilisha sare tu. Alisimama akimtazama mumewe.

"Anaumwa?"

"Hapana. Amepumzika."

"Nani amemwambia apumzike?"

"Hakuna. Mimi nilikuwa nataka akimbie."

"Alijuaje?"

"Sijui," Paskalina alisema. "Nilimpima, sikuona kitu."

Emiliana aliketi kwenye ngazi, jambo ambalo Paskalina hakuwahi kumwona akilifanya. Uso wake ulikuwa na utulivu uleule. Alinyoosha mikono yake mbele, akaiweka juu ya magoti na kuikagua.

"Mgonjwa mmoja ameniuliza leo kwa nini natetemeka. Nikamwambia sitetemeki. Akanionyesha." Aliinua mkono wa kulia kidogo. Vidole vilikuwa vinacheza. "Mimi nikiulizwa nasema niko vizuri. Nasema hivyo kila siku. Siongopi."

"Najua."

"Amri yangu anayo nani?"

"Mganga mfawidhi wako."

"Huyo hatakubali. Wodi nzima tuko watatu." Yeremia alijigeuza kwenye mkeka, akavuta pumzi ndefu, akaendelea kulala. "Lakini pazia peke yake. Dada Zuhura anaweza kulifungua?"

"Anaweza. Kifaa bado anacho." Paskalina aliweka kikombe chini. "Emiliana, ukishausikia huo uchovu, hutaweza kurudi ukasema hukuusikia."

"Nilikuwepo nyumbani humu akiletwa amebebwa. Najua."

"Na kesho una zamu mbili."

"Najua nina zamu mbili."

Alivua viatu vya kazini, kimoja baada ya kingine, akavipanga kando ya ngazi. Akazikanyaga nyasi za uani kwa soksi.

"Mpigie," alisema. "Mwambie aje kesho. Sitakwenda kazini."